Fundi wa Ujirani: Mchungaji Bruno Gutmann wa Old Moshi

Mwaka 1926 kilichapishwa München, Ujerumani, kitabu cha sheria chenye kurasa zaidi ya 700. Hakikuhusu sheria za Wajerumani wala za Warumi. Kilieleza jinsi Wachagga wanavyooana, wanavyorithishana, wanavyowekeana ng'ombe, wanavyogawana maji ya mfereji na wanavyopatana baada ya ugomvi. Jina lake ni Das Recht der Dschagga, na aliyekiandika hakuwa hakimu wala profesa. Alikuwa mchungaji wa Kilutheri wa Old Moshi, mtu ambaye siku zake zilijaa mambo ya kawaida ya uchungaji: kubatiza, kufundisha kipaimara, kuzika, kutembelea wagonjwa, kusuluhisha wanandoa. Bruno Gutmann alizaliwa Dresden mwaka 1876 na akafariki Ehingen, kijiji cha Bavaria, mwaka 1966, akiwa na miaka tisini. Sehemu kubwa ya nguvu zake alizimalizia kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro.

Jina lake bado hutajwa, ila hutajwa kwa haraka. Wanazuoni humweka kwenye tanbihi. Waumini wa Kaskazini mwa Tanzania humsikia katika orodha ya wamisionari wa Leipzig inayosomwa kwenye sikukuu za usharika, kisha kwaya inaitwa na mambo yanaendelea. Ninachotaka kukitazama hapa, bila haraka, ni ufundi wake. Uchungaji una ufundi. Una vifaa vyake, una hatua zinazofuatana, una makosa ambayo fundi mzuri huyaona kabla hayajatokea. Tunausifu mara chache kwa sababu tumezoea kumpima mchungaji kwa mahubiri yake au kwa kanisa alilolijenga, vitu vinavyoonekana na kusikika. Gutmann alikuwa hodari wa kitu kisichotokea kwenye picha: alijua nani anamhusu nani, kwa njia gani, na kwa gharama gani.

Alifika Kilimanjaro mwaka 1902. Misioni ya Leipzig, ya Walutheri wa Ujerumani, ilikuwa imeanza kazi Machame mwaka 1893, na jeraha kubwa la Moshi lilikuwa bado bichi. Mwaka 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Moshi, pamoja na viongozi wenzake, pale pale Old Moshi. Kwa hiyo kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekuja na Biblia alikuwa na rangi ileile na lugha ileile ya waliofunga kamba. Ni vema kulikumbuka hilo kila tunaposoma jinsi wazee walivyomfungulia vinywa baadaye. Hakuna mzee anayemweleza mgeni mambo ya ukoo kwa sababu tu mgeni ni mpole. Huelezwa yule aliyekaa, akaondoka, akarudi, akakaa tena, na ambaye swali lake la leo linaonyesha kwamba alilisikia jibu la jana.

Alifanya kazi Machame, akafungua kituo cha Masama, kisha karibu na mwaka 1910 akahamia Kidia, Old Moshi. Uhamisho huo ulimrudisha shuleni. Aliye mbali husema Kichagga kana kwamba ni kimoja. Mtu wa Machame aliyeoa Rombo anajua kwamba miezi ya mwanzo ukweni husikilizwa kwa uvumilivu tu. Gutmann alikuwa amejifunza usemi wa magharibi mwa mlima, sasa ilimbidi akishike Kimochi, usemi wa Old Moshi. Alikishika kiasi cha kutafsiri Agano Jipya kwa lugha hiyo. Kazi ya kutafsiri Agano Jipya haimruhusu mtu kubaki juu juu, kwa maana ndani yake mna deni, urithi, shahidi, mpatanishi, mdhamini na mwana aliyedai fungu lake baba angali hai. Kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa na kesi zake mlimani, na mfasiri asiyezijua kesi hizo huandika Injili ambayo mzee ataisikiliza kwa adabu kisha aende zake.

Tazama pia alichokiandika mwanzoni, kabla hajawa na jina. Mwaka 1909 alitoa kitabu juu ya mashairi na fikra za Wachagga. Aliandika juu ya ufugaji wa nyuki. Mwaka 1912 aliandika juu ya mhunzi na kazi yake: nyundo inayoogopwa kwa sababu inaweza kulaani, koo za wahunzi zilizokaa kando kidogo na wengine, heshima iliyochanganyika na hofu. Mmisionari mwenye haraka angeona katika nyundo hiyo ushirikina na kuhubiri dhidi yake Jumapili inayofuata. Gutmann alitaka kwanza kujua nyundo inafanya kazi gani katika maisha ya watu. Nani anaikimbilia? Inamaliza ugomvi upi ulioshindikana kwa mangi? Ikiondolewa, ugomvi huo utakwenda wapi? Hayo ni maswali ya mtu anayejua kwamba ukivuta uzi mmoja bila kuangalia, utavuta na mwingine usioutaka.

Lakini ufundi wake unaonekana vizuri zaidi kwenye mambo ya kawaida kabisa, na hapa ningependa tukae kidogo.

Chukua mfongo, yaani mfereji wa maji. Mito ya Kilimanjaro hushuka ndani ya makorongo yenye kina, ilhali migomba iko juu, kwenye migongo ya vilima. Wachagga wa zamani walitatua jambo hilo kwa kuchimba mifereji. Maji hukamatwa juu sana, kisha huongozwa ubavuni mwa korongo kwa mteremko mdogo kabisa, mwendo mrefu, hadi yanatokea juu ya vihamba, yaani mashamba ya migomba ya ukoo. Usiku hukusanywa kwenye nduwa, yaani bwawa dogo la kuhifadhia, na asubuhi nduwa ikifunguliwa kila mwenye zamu hupata fungu lake. Mgeni akiona mfongo huona uhandisi, naye hakosei. Gutmann aliuona uhandisi huo na akaendelea kutazama. Ni ukoo gani uliouanzisha, na una haki gani leo? Nani ana mamlaka ya kuwaita watu wazibue baada ya mvua kubwa? Asiyetokea analipa nini, na akikataa kulipa hukatwa maji au hukatwa salamu? Wa chini akidai kwamba wa juu ameiba zamu yake usiku, shauri huanzia kwa nani?

Ukiyafuata maswali hayo hadi mwisho wake, unagundua kwamba watu wanaokunywa mfongo mmoja wamefungamana kuliko washiriki wengi wa kanisa moja. Wanafahamiana kwa kazi, kwa hasara na kwa faini. Wamelazimika kusameheana kwa sababu maji hayasubiri watu wamalize hasira. Gutmann aliliona jambo hilo na akalichukulia kama jambo la kiteolojia, si la kilimo.

Au chukua ng'ombe. Mwenye mifugo mingi hakuiweka yote nyumbani kwake. Aliigawa kwa watu wengine waitunze. Mtunzaji alipata maziwa, na zaidi ya maziwa alipata samadi ya migomba. Mwenye mali alibaki na ng'ombe na uzao wake. Siku ya kuchinja kila mmoja alijua fungu lake la nyama. Matokeo yake ni kwamba maskini angeweza kuwa na ng'ombe zizini bila kumiliki hata mmoja, na tajiri akaonekana hana kitu mbele ya macho ya mangi mwenye tamaa. Hakuna daftari lililoandikwa. Kulikuwa na mashahidi, kulikuwa na kumbukumbu, na kulikuwa na nyama yenyewe, maana mgawanyo wa mnyama aliyechinjwa ulionyesha hadharani uhusiano wa kila aliyekuwepo. Kaka mkubwa ana sehemu yake, mjomba ana yake. Ukikosea kukata umekosea kusema nani ni nani. Aliyewahi kushuhudia wazee wa Kichagga wakibishana juu ya kidari cha mbuzi anajua kwamba hawabishani juu ya chakula.

Halafu kuna sale, lile jani refu la kijani linalopandwa mpakani na makaburini. Zamani, baada ya mifupa kufukuliwa, mafuvu ya wazee yaliwekwa chini ya masale kihambani. Na jani hilohilo ndilo mkosaji alilolipeleka kwa aliyemkosea anapoomba radhi. Kulikataa lilikuwa jambo zito sana. Mpaka wa shamba, kaburi la babu na ombi la msamaha, vyote vitatu vimeshikwa na mmea mmoja. Mchungaji anayehubiri msamaha mahali kama hapo ana kazi rahisi kuliko anavyodhani, au ngumu kuliko anavyodhani, ikitegemea kama amelitazama jani.

Kinachonivutia katika Das Recht der Dschagga ni subira ya mwandishi wake. Angeweza kuandika kitabu chembamba cha kanuni, kama vile maofisa wa kikoloni walivyopenda: kifungu cha kwanza ndoa, cha pili mahari, cha tatu urithi. Kanuni za namna hiyo zinapendeza mezani kwa bwana shauri, lakini hazikuambii watu wanazitumiaje wakiwa na hasira. Gutmann anakuonyesha kanuni ikiwa kazini, na maneno ya wenyewe, na misemo yao, na taratibu za mwili: nani anasimama, nani anatema mate ya baraka, nani anapewa pombe kwanza. Kwa kazi ya namna hiyo vyuo vikuu viwili vya kwao vilimpa udaktari wa heshima, Erlangen wa teolojia na Würzburg wa sheria. Ni nadra mchungaji kupewa udaktari wa sheria kwa kukaa na wazee migombani.

Sasa, mtu anaweza kuuliza: hayo yote yanahusiana vipi na uchungaji? Si ni kazi ya mwanazuoni aliyejificha ndani ya joho?

Yanahusiana sana. Kule pwani, Wakatoliki wa Bagamoyo walianza mwaka 1868 kwa kuwakusanya watumwa waliokombolewa na kuwajengea vijiji vya Kikristo. Kwa watu waliokwisha kung'olewa kwao, njia hiyo ilikuwa na mantiki. Mlimani haikuwa na mantiki yoyote, kwa sababu mtu wa mlimani hajang'olewa: ana kihamba, ana ukoo, ana mfongo, ana rika lake. Hata hivyo mazoea ya misioni nyingi yalikuwa ni kumtoa mwongofu mmoja mmoja, kumleta karibu na kituo, kumvalisha, kumpa shule, na kumfanya amtegemee mmisionari kwa kila kitu. Anayebatizwa anapata Mungu na anapoteza majirani. Gutmann alikataa hesabu hiyo. Alishikilia kwamba mtu amefungwa na vifungo vitatu ambavyo hakuvichagua, yaani ukoo, ujirani na rika, na kwamba kazi ya kanisa ni kupita ndani ya vifungo hivyo, si kuvikata.

Huo ni msemo rahisi kuutamka. Ufundi uko katika kuutekeleza, na utekelezaji wake ulikuwa wa mambo madogo. Usharika aliupanga kwa kufuata ujirani uliokuwepo tayari, na wazee wa kanisa wakawa watu ambao tayari walisikilizwa katika eneo lao. Mambo ya mtaa yalianzia mtaani. Ugomvi wa watu wanaotaka kushiriki meza ya Bwana ulikuwa kwanza ugomvi wa majirani wanaoujua chanzo chake, kabla haujawa jambo la mchungaji ambaye angesikia upande mmoja tu. Vijana wa kipaimara aliwaunganisha katika vikundi vidogo alivyovipa jina la ngao, kwa mfano wa vijana wa zamani waliokwenda vitani wakiwa na wenzi wa kulindana. Kijana hakujifunza Katekisimu peke yake kisha akapotea baada ya kuwekewa mikono. Alikuwa na mwenzake wa ngao, na mzigo wa kumwangalia ulihama kutoka kwa mchungaji mmoja aliyechoka kwenda kwa wanaolima naye na kuchota maji naye.

Yeyote aliyefundisha kipaimara anajua tatizo ambalo utaratibu huo ulikusudiwa kulitibu. Jumapili ya kipaimara kanisa linajaa, mashati ni meupe, picha zinapigwa, na mwezi unaofuata nusu ya vijana hawaonekani. Tunalaumu simu, tunalaumu wazazi. Gutmann angeuliza swali jingine: ulimkabidhi kijana huyo kwa nani?

Kipimo cha kazi hiyo kilikuja bila yeye kukitaka. Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha, Tanganyika ikawa chini ya Waingereza, na mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani waliondolewa. Gutmann naye aliondoka. Kwa miaka kadhaa sharika za Kilutheri za mlimani zilibaki mikononi mwa walimu na wazee wao, zikisaidiwa kwa uchache na Walutheri wa Marekani waliokuja baadaye. Hazikusambaratika. Ibada ziliendelea, mafundisho yaliendelea. Sifa ya kwanza ni ya walimu na wazee hao, na isichukuliwe na mtu mwingine. Lakini kwa Old Moshi kuna jambo la kiufundi la kuongeza: usharika uliosimamishwa juu ya ujirani haukuhitaji mtu mmoja katikati ili usianguke. Katikati ya miaka ya 1920, wamisionari wa Leipzig waliporuhusiwa kurudi, Gutmann alirudi Old Moshi na kufanya kazi huko hadi 1938.

Katika kipindi hicho cha pili ndipo alipotoa kazi ambayo mimi naiona kuwa ya ajabu kuliko zote: Die Stammeslehren der Dschagga, majalada matatu ya 1932, 1935 na 1938. Ni mafundisho ya jando na unyago wa Wachagga, yale ambayo kijana alipewa kabla ya kuhesabiwa kuwa mtu mzima. Sehemu ya mafundisho hayo ilihifadhiwa kwenye mregho, fimbo iliyochongwa alama. Kila alama ina somo lake. Mwalimu hushika fimbo, hugusa alama, huimba au hutamka fundisho lake, kisha huhamia alama inayofuata, kuanzia jinsi mtoto anavyojengeka tumboni mwa mama yake hadi wajibu wa mtu kwa waliomzaa. Hakuna ukurasa wa kufunua, na wala hakuna anayeweza kuruka somo bila fimbo kumsuta. Kuyaandika mafundisho ya aina hiyo kunataka subira isiyo ya kawaida, kwa sababu mzee anayejua mafundisho kwa mfuatano wa alama hawezi kuyaeleza kwa mfuatano wa maswali yako. Inabidi umwache aende kwa mwendo wake, akirudia anaporudia, akinyamaza anaponyamaza, nawe uandike.

Hapa kuna jambo ambalo sipendi kulipita. Baadhi ya mafundisho yale yalikuwa siri. Wanaume wa Kichagga walikuwa na siri yao ya jando iliyoitwa ngoso, ambayo mwanamke hakutakiwa kuijua, na hadhi ya mwanamume ilisimama juu ya kuitunza. Leo siri hiyo iko kwenye maktaba za Ulaya na Marekani. Mwanaanthropolojia Sally Falk Moore aliiandikia makala nzima mwaka 1976. Je, mchungaji alikuwa na haki ya kuichapa? Jando la zamani lilikuwa likififia chini ya serikali ya kikoloni, shule na kanisa lenyewe, na mzee aliyekosa mwanafunzi alikuwa na sababu ya kumwambia mgeni yale ambayo wajukuu wake hawangekuja kuyasikiliza. Lakini kanisa lililosaidia kulimaliza jando ndilo hilohilo lililomleta mwandishi wa kumbukumbu zake. Gutmann aliokoa maneno wakati mahali pa kuyasemea palikuwa panatoweka, na yeye alikuwa mtumishi wa upande mmoja wa kutoweka huko. Namheshimu kwa kuokoa. Siwezi kusema mikono yake ilikuwa safi.

Ana makosa mengine, na heshima kwa fundi inataka yatajwe kwa majina yake. Mtu aliyekiona kitu kwa usahihi mkubwa hushawishika kutaka kibaki kilivyo. Gutmann alikiogopa kila kilichokuwa kikija: mji, fedha, shule ya namna ya Ulaya iliyomlea mtu mmoja mmoja. Wachagga wenyewe hawakuwa na hofu hiyo, au walikuwa nayo na bado wakasonga mbele. Kahawa ilienea vihambani. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA, kulinda kahawa yao dhidi ya masetla. Vijana walitaka Kiswahili na Kiingereza, walitaka ukarani, walitaka kusafiri. Kihamba nacho kilikuwa kimeanza kukosa nafasi. Desturi ilimpendelea mwana wa kwanza na wa mwisho, na mtoto wa kati alipaswa kutafuta pengine pa kuishi. Ardhi ilipokwisha, pengine pakawa mjini. Huwezi kumwambia kijana asiye na kihamba kwamba amefungwa na mfongo wa babu yake.

Lipo pia suala la Ujerumani yake. Lugha ya watu waliofungamana kwa damu na kwa ardhi ilikuwa na matumizi ya kutisha nchini kwao katika miaka ya 1930, na mtu aliyeandika sana juu ya taifa na vifungo vyake asingeweza kuepuka kuulizwa. Mholanzi Johannes Hoekendijk aliiuliza misioni nzima ya Kijerumani maswali makali juu ya jambo hilo, na Gutmann alikuwa miongoni mwa waliokosolewa. Kwa maoni yangu jibu la haki ni hili: nadharia zake zimezeeka vibaya, uchunguzi wake haujazeeka. Anapotoka kwenye kihamba fulani na kupanda juu kuzungumzia ubinadamu kwa jumla, unaweza kuruka kurasa. Anaporudi kwenye ng'ombe wa mtu aliyewekwa kwa mtu mwingine, kaa naye.

Na kuna kasoro moja ndogo ambayo wasomaji wake wa baadaye waliirekebisha bila kelele. Alisikia sheria hasa kutoka kwa wazee, na sheria inayosimuliwa na wazee huwa inawafaa wazee. Sally Falk Moore, katika kitabu chake cha 1986 juu ya sheria za mila Kilimanjaro kati ya 1880 na 1980, alimsoma Gutmann kwa makini sana, kisha akaonyesha kwamba kinachoitwa mila kilikuwa kikibadilika muda wote, kikivutwa huku na huku na watu wenye haja zao. Hiyo haimpunguzii Gutmann. Kama asingeandika kesi zenyewe, tena kwa undani, hakuna ambaye angeweza kumsahihisha.

Usharika wa Kilutheri wa mlimani leo una mambo ambayo angeyatambua mara moja. Una mitaa yenye wazee wake. Una ibada za nyumba kwa nyumba katikati ya wiki. Una sadaka ya mavuno ambapo ndizi, kuku na magimbi hunadiwa nje ya kanisa, na jirani hupandisha bei ya kuku wa jirani yake kwa utani ambao wageni hawauelewi. Una desturi ya kumrudisha mtu kundini mbele ya watu anaoishi nao, si ofisini. Una mazishi ya kihambani, ambako mchungaji husoma liturujia huku ukoo ukijua bila kuambiwa nani atatupa udongo kwanza. Ingekuwa kosa kudai kwamba hayo yote yalitoka kwa mtu mmoja; mengi yalikuwepo kabla yake, mengine yaliwekwa na Wachagga wenyewe, akiwemo Stefano Moshi, aliyekuja kuwa mkuu wa kwanza wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa mwaka 1963. Lakini Gutmann ndiye aliyeyatetea kwa maandishi wakati ambapo wamisionari wengi waliona katika vitu hivyo vizuizi vya Injili.

Kwa mchungaji kijana anayetumwa leo kwenye mtaa mpya wa mji, Gutmann ni mwalimu bora kuliko anavyoonekana. Pembezoni mwa Dodoma au Dar es Salaam hakuna mfongo wala sale. Lakini kuna kisima kimoja chenye foleni, kuna kikundi cha vikoba, kuna kijiwe cha bodaboda, kuna kamati ya msiba ambayo haijawahi kusajiliwa popote na bado hukusanya fedha kwa siku mbili. Hivyo ni vifungo. Mchungaji anayevijua kabla ya kuchora ramani ya jumuiya zake atafanya kazi yenye mizizi. Asiyevijua atapanga jumuiya kwa herufi za majina au kwa urahisi wa barabara, kisha atashangaa kwa nini watu hawaji.

Nina ombi moja. Das Recht der Dschagga na majalada matatu ya Stammeslehren viliandikwa kwa Kijerumani, juu ya watu ambao wajukuu wao wanasoma Kiswahili. Vyuo vyetu vya teolojia, Makumira kikiwa mbele, vina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka, na mlimani bado wapo wazee wanaoweza kusema pale ambapo Mjerumani alikosea. Kila mwanafunzi apewe sura moja tu: aitafsiri kwa Kiswahili, aende nayo Kidia, aisome mbele ya wazee hao, na aandike wanachokikubali na wanachokikataa. Waanze na sura za maji.